Ghorofa ya Tatu Inafungwa

Machi 3

Mvua imeanza leo. Nilikuwa kazini, chumba cha nyuma cha duka la miwani, nachonga lenzi za mteja mwenye macho mazito. Mashine yenyewe hutiririsha maji muda wote, kwa hiyo sikuisikia mvua mpaka bosi alipokuja kusema tuondoe maboksi chini ya dirisha.

Daftari hili nimelinunua wakati wa kurudi. Miaka mingi nimekuwa nikiandika kwenye blogu, na tangu mume wangu afariki, kiangazi hiki kilichopita, sijaweza kuandika kule hata mstari. Nafungua, naangalia, nafunga. Nimeona nijaribu kalamu. Kwenye kalamu hakuna mtu anayesubiri chini ya ukurasa.

Nyumbani tupo wawili, mimi na mama mkwe. Alikuja kwa mazishi, hakurudi kwake, na hakuna aliyemuuliza. Analala chumba kilichokuwa cha pasi na vitabu. Asubuhi namwamkia, anaitikia, anauliza kama nimelala vizuri, nasema vizuri. Tunaishi kama watu wawili waliokaa benchi moja hospitali wakisubiri kuitwa.

Machi 4

Mvua. Kazi. Viazi.

Machi 8

Kampuni inayotunza blogu yangu imetuma taarifa kwamba inafunga mwisho wa Mei. Imetushukuru kwa uaminifu wetu na kututaka tuhamishe vitu vyetu mapema. Ni kama mwenye nyumba aliyeuza jengo. Nilisoma nikiwa nasubiri chai ichemke, chai ikachemka, nikanywa. Nilitegemea kuhisi kitu. Nilihisi kwamba chai haina sukari.

Blogu inaitwa Ghorofa ya Tatu kwa sababu ndipo tunapokaa, na jengo halina lifti. Niliandika habari za ngazi, za majirani, za wateja wanaovaa miwani mipya wakakimbilia kioo kisha wakanyamaza. Niliandika habari za mume wangu. Kule jina lake lilikuwa Mpangaji. Alijipa mwenyewe. Alisema nyumba ni yangu na blogu ni yangu, yeye ni mpangaji tu, tena wa mkataba mfupi.

Watu walicheka sana siku ile.

Machi 13

Wifi yangu amekuja jioni, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Ni dada mdogo wa marehemu. Anatengeneza video fupi za kuwafundisha watu kupanga vyumba vidogo, na ana wafuasi wengi. Marehemu alikuwa akisema wifi na waifai ni ndugu, mmoja akikosekana mwingine hana kazi.

Nilimwambia habari ya kampuni kufunga, nikiwa namenya vitunguu. Akaweka simu mezani. Kwake hiyo ni heshima kubwa.

"Wifi, nikwambie ukweli? Nani anasoma siku hizi? Watu wanataka kusikia huku wanapiga mswaki."

"Sawa."

"Lakini yale maandiko yako ni mali. Nikiyatia sauti, nikaweka picha za kaka, watu watalia."

"Kwa nini walie?"

Akaniangalia kama niliyeuliza kwa nini watu wanakula. "Wanapenda."

"Fanya unavyotaka," nikamwambia.

Siku hizi hilo ndilo jibu langu kwa kila mtu. Bosi akiuliza nianze na miwani ipi, anavyotaka yeye. Nyama au maharage, unavyotaka wewe. Ni jibu zuri, halichoshi.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akasema, bila kugeuka, "Hiyo simu yako, binti yangu, itaota mizizi mkononi." Wifi akacheka. Halafu sote watatu tukasikiliza mvua, kwa sababu palikuwa na kiti cha nne na hakuna aliyetaka kukitazama.

Machi 15

Paa la ngazi linavuja. Jirani wa chini ameweka ndoo. Ndoo imejaa.

Machi 24

Jumapili. Mvua haikukatika tangu alfajiri. Nilikaa na kompyuta nikijiuliza nihamishe nini, nikaishia kusoma maoni ya zamani. Maandiko yenyewe sikuyagusa.

Nilikuwa nimesahau jinsi tulivyokuwa. Mtu alikuwa akiingia kwenye blogu yako anaandika "hodi", nawe unajibu "karibu", ndipo anaanza kusema alilokuja nalo. Pembeni ya ukurasa kila mmoja alikuwa na orodha ya majirani zake, na ukimaliza kwa huyu unapita kwa yule. Kulikuwa na mwalimu aliyeandika kuhusu jino lake wiki nzima, na wiki nzima tulikwenda kulijulia hali jino. Kulikuwa na Fundi Redio, aliyetengeneza redio za watu na kuandika kile kila redio ilichokuwa ikisikiliza ilipoharibika. Sura yake sijaiona mpaka leo. Lakini najua anakunywa chai ya tangawizi, anaogopa paka, na alimzika baba yake siku ya jua kali akiwa na viatu vya kuazima. Nilijua hayo kabla ya kujua jina la mtu anayekaa ukuta mmoja nami.

Kisha watu wakaanza kuondoka. Hakuna aliyeaga. Wa kwanza walihamia kule ambako kila mtu anasema mstari mmoja kwa sauti ya juu. Waliobaki wakaanza kushauriwa: blogu iwe na mada moja tu, kichwa cha habari kiwe na namba, mwisho uulize swali ili watu wajibu. Mwalimu wa jino akaandika "Mambo Saba Usiyoyajua Kuhusu Meno Yako". Niliyajua yote saba. Baadaye yakaja matangazo, halafu picha, halafu video, na mmoja mmoja wakazima taa. Zamani msomaji alipanda ngazi kuja kwako. Sasa wewe ndiye unayepitishwa mbele yake kama sahani kwenye karamu, akipenda anachukua, asipopenda sahani inaendelea.

Mimi nilibaki, na si kwamba nilikuwa shujaa. Nilibaki kama mtu anayebaki kwenye sherehe kwa sababu hajui mkoba wake uko wapi.

Wifi aliwahi kuniuliza napata nini. Leo nafikiri nilikuwa napata macho. Nikijua jioni nitaandika, mchana naona. Naona mzee anavyoifuta miwani yake kwa tai, naona jirani anavyopumzika ghorofa ya pili akijifanya anatafuta funguo. Marehemu akivunja kikombe alikuwa ananyoosha kidole na kusema, "Hii si ya blogu." Ndipo ninakiona kikombe.

Sasa siandiki, na sioni. Mchana wa leo nilitafuta kitabu cha kuwekea chini ya mguu wa meza inayoyumba, nikakumbuka mama mkwe alishaweka kipande cha ubao, na kwamba amekuwa akikivuka kwa uangalifu kila siku mbele yangu.

Machi 28

Mvua. Kazi.

Aprili 2

Nilikuwa nakula chakula cha mchana kwenye stuli ya chumba cha nyuma. Dada wa mapokezi akaja ameshika simu kwa mikono miwili kama anayebeba bakuli la supu.

"Dada, huyu si shemeji?"

Alikuwa yeye. Picha yake ya kwenye ngazi, ananyanyua kabati la vioo na jirani, anacheka. Chini yake sauti ya wifi inasoma, na kuna kinanda.

Wifi amechagua andiko la mwisho. Sikushangaa. Ndilo linaloonekana kwanza mtu akifungua blogu, kwa sababu baada yake hakuna jingine.

Nitalinakili hapa, nisije nikafikiri nililiandika vingine:

"Mpangaji amepandisha kabati moja mpaka ghorofa ya tatu, na leo mkono wa kushoto umegoma. Anautembeza nyumbani kama mtoto mchanga. Ameniomba nimfungulie chupa ya maji, nimkatie nyama, nimgeuzie ukurasa wa gazeti. Nimemwambia mkono unaouma ni mmoja lakini unaofanya kazi pia ni mmoja, atafute mwafaka. Amesema atanishtaki kwa wasomaji."

Chini, maoni ya Fundi Redio: "Mbadilishie betri, jirani."

Alifariki kesho yake asubuhi, sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Moyo.

Wifi katika video ameanza na hilo la kufariki, ndipo akasoma andiko. Anasoma vizuri. Mwishoni analia, na ni machozi ya kweli, nayafahamu.

"Pole sana, dada," akasema dada wa mapokezi. "Watu wengi mno wameitazama."

Nikasema asante. Nikamaliza chakula. Alasiri nilipasua lenzi moja, kitu ambacho sijafanya kwa muda mrefu.

Aprili 3

Wifi amepiga simu, ana furaha na anaona aibu kuwa na furaha. Watu wanaomba andiko jingine. Nikamwambia afanye anavyotaka.

Aprili 5

Wamebadilika. Sijui ni nani aliyeanza. Jana walikuwa wanalia, leo wanahukumu. Wameipata blogu yenyewe na wamejaa chini ya andiko, wengi kuliko wageni wote niliowahi kupata tangu nianze. Hakuna hata mmoja aliyebisha hodi.

"Mume anakufa, yeye anachekesha watu."

"Mkono wa kushoto hata mtoto wa shule anajua ni moyo."

"Badala ya kumpeleka hospitali akashika kompyuta. Achunguzwe huyu."

"Wanawake wa siku hizi."

Mmoja aliuliza kabati lilikuwa la aina gani.

Nilisoma yote. Nilisubiri yaniume. Ilikuwa kama daktari wa meno anapokugonga jino lililochomwa sindano: unasikia linavyogongwa, maumivu yako chumba kingine, yanakusubiri.

Aprili 6

Bosi amesema nikitaka kupumzika nipumzike. Nikasema sitaki. Ameondoka bila kujua aweke wapi mikono.

Aprili 8

Leo nitaandika kwa kirefu, mkono ukiruhusu.

Nimerudi kabla ya giza. Mama mkwe alikuwa jikoni amekaa, mtandio wake umelowa na hajauvua, na maji yanamdondoka kwenye magoti. Alikuwa ametoka kwa jirani wa chini. Alikwenda kurudisha sufuria. Jirani, kwa huruma au kwa kiherehere, maana hivyo viwili hukaa nyumba moja, akamwonyesha video ya binti yake na kumsomea waliyoyasema watu.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. Haijawahi kutokea.

"Wanasema uliandika habari za mkono wa mwanangu."

"Niliandika."

"Akiwa hai?"

"Akiwa hai. Siku moja kabla."

"Nisomee."

Nikamwambia avue kwanza mtandio, atapata homa. Akasema, "Mkamwana, nisomee." Miezi yote hii ameniita mwanangu. Mkamwana ni neno sahihi, mimi ni mke wa mwanawe, lakini lilinifikia kama mtu aliyesogeza kiti nyuma.

Nikafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni, nikasoma. Ni andiko fupi. Nilipofika pale pa kukata nyama nilisikia sauti yangu ikifanya kile inachofanya nikiwa nachekesha, inashuka kidogo mwishoni, na sikuweza kuizuia.

Bomba lilikuwa linadondoka. Nilihesabu kimoyomoyo vitu vya kwenye rafu, chumvi, majani ya chai, kibiriti. Nilisubiri anipige, au anifukuze, ingawa nyumba ni yangu. Nilijiona ningekwenda kwa utaratibu kabisa, ningechukua mwavuli.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Ulipokuwa unaandika haya, yeye alikuwa wapi?"

"Nyuma yangu. Anasoma begani. Nilikuwa nimeandika 'meza', akanisahihisha, akasema iwe kabati, tena kabati zito kuliko lilivyokuwa."

"Alisema nini kingine?"

"Alicheka, Mama. Pale pa mwafaka. Alicheka mpaka akakohoa, akasema bosi wake lazima alisome."

"Alicheka."

"Ndiyo."

Akavua mtandio, akaukamua kwenye sinki, polepole, kama nguo ya mtoto. Alikuwa amenipa mgongo alipoanza kusema.

"Alinipigia simu jioni ile. Alisema, Mama, mkono unaniuma, nimebeba kabati. Nikamwambia ujana haurudi, ajipake dawa ya kuchua, ile ya kopo la kijani. Halafu nikaanza kumweleza habari za mlango wangu wa uani ulioliwa na mchwa. Nilizungumza mchwa mpaka nikachoka. Akasema, sawa Mama, nitakuja nikuangalizie. Tukaagana."

Akautandaza mtandio kwenye kiti.

"Sijamwambia mtu. Nilifikiri nikirudi kwangu nitauona ule mlango. Ndiyo maana sirudi."

Nilisema lile lililokuwa karibu. "Kwa hiyo sote tulijua, Mama."

Akageuka haraka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaona uso wake una hasira, nayo ilimpendeza, ilikuwa kama mtu amerudi nyumbani.

"Usiseme hivyo. Usilirudie hilo neno humu ndani. Tulisikia. Kusikia si kujua. Mtu mzima akisema mkono unamuuma baada ya kubeba kabati, ni mkono unaouma baada ya kubeba kabati. Hao wanaopiga kelele kwenye simu wameanza kusoma kitabu kutoka mwisho, halafu wanatucheka sisi tuliokianza mwanzo."

Akaniambia nipashe chakula. Nikapasha. Tulikula, naye alinisogezea chumvi kabla sijaitafuta.

Aprili 9

Mvua. Kazi. Ameniita mwanangu.

Aprili 12

Mama mkwe alimwita binti yake. Wifi alikuja amevimba macho. Alikuwa akijibizana na watu usiku na mchana kunitetea, na kila akijibu wanaongezeka.

"Wifi, nisamehe. Nilitaka wamjue kaka."

"Nilikwambia ufanye unavyotaka," nikasema. Ni kweli, na kosa langu limo humo. Nilimpa mlango wazi kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuufunga.

Mama mkwe akamkalisha. "Umeitazama mara ngapi hiyo video?"

"Nyingi, Mama."

"Na kila mara unalia?"

"Nalia."

"Basi umelia. Sasa itoe."

"Nikiitoa watasema tunaficha kitu. Na watu wengine wanasema mazuri, Mama. Kuna waliokwenda kupimwa moyo kwa sababu ya kaka. Kuna baba mmoja ameandika kwamba amekutwa na tatizo, ameanza dawa."

Hilo hatukulitegemea. Mama mkwe akaukunja mtandio wake magotini, akaukunjua. Nami nilifikiri habari za huyo baba, nyumba yake, mke wake anayemhesabia vidonge. Nilimfikiria kuliko nilivyofikiria kitu chochote kwa miezi.

Mwisho mama mkwe akasema, "Kata pale unapolia. Kata picha. Acha maneno ya kwenda kupimwa, sema ni ndugu yako, sema mkono. Jina la mkamwana wangu na blogu yake ondoa. Anayetaka kuponea hapo aponee. Anayetaka kutukana atafute kwingine, mtandao ni mpana."

Wifi akakata. Ilimchukua dakika chache tu. Nilidhani kazi kama hiyo ingechukua muda mrefu zaidi.

Aprili 16

Simu kutoka namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamume, nyembamba kuliko nilivyoitarajia.

"Hodi."

Nikajua. "Karibu, Fundi."

Akajieleza. Namba amepewa na wifi, alimwandikia akiomba. Alikuwa hajui kama Mpangaji amefariki. Kwa miezi alikuwa akipita Ghorofa ya Tatu, anakuta andiko ni lile lile, anafikiri nimechoka na blogu kama wenzangu. Kisha video ikamfikia.

"Nilisema mbadilishie betri."

"Ulisema."

"Kila nikifungua redio ya mtu naiona ile sentensi. Nataka kuifuta. Naweza, ni maoni yangu. Lakini nimeona nikuulize kwanza. Kufuta kwenye nyumba ya mtu si adabu."

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za duka, mvua inapita mbele yangu kama pazia la shanga. Nikamwambia Mpangaji aliisoma. Nikamwambia aliigiza, alijigonga kifuani mara mbili, akasema, "Fundi amesema kweli, hizi ni za zamani." Sikuwa nimemwambia mtu yeyote hilo. Lilikuwa karibu mno na lile lililotokea.

Fundi Redio akalia. Nilimsikia akilia, mtu mzima, mahali fulani penye redio inayokwaruza. Nilimwonea wivu.

"Usifute," nikamwambia. "Iache pale mpaka wafunge wenyewe."

"Sawa, jirani."

"Paka vipi?"

"Wapo," akasema. "Wananitafuta."

Aprili 20

Nimetazama chini ya andiko. Hakuna mgeni mpya. Wamehamia kwa mwanamke aliyemnyima mkwewe kiti. Ilikuwa kama wiki mbili tu. Sikujua kwamba hata kuchukiwa siku hizi ni kwa zamu.

Aprili 27

Mvua inapungua, inakuja jioni tu. Mama mkwe ameniomba nimsomee maandiko yote ya mwanawe, kutoka mwanzo. Tunasoma baada ya chakula, mawili au matatu. Ananikatiza. "Hapa umemwonea." "Hapa umemsifu mno, huyu alikuwa mvivu wa kuosha vyombo tangu tumboni." Tulifika lile andiko la mama mkwe aliyekuja kutembea akahamisha sufuria zote jikoni, ambaye nilimwita Hakimu. Nikataka kuliruka.

"Soma," akasema. "Alinisomea zamani. Nilimwambia mkeo anaandika vizuri, lakini sufuria bado zilikuwa zimekaa vibaya."

Mei 4

Kazi. Jua kidogo. Leo nimeona mteja akibusu miwani yake kabla ya kuivaa.

Mei 11

Wifi amekuja kuhamisha blogu. Nilimwambia aache, yameshasomwa yanatosha. Hakukubali, alisema safari hii hafanyi ninavyotaka. Amenakili kila kitu, maandiko na maoni yote, hata ya wale wanaouza viatu na kuandika "makala nzuri sana" kila mahali. Wale waliotukana pia. Nilimuuliza kwa nini hao. Akasema, "Nao walipita."

Akiwa anafanya kazi hiyo mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake. Akauliza kama nyumba ile bado inapokea maandiko. Wifi akasema ndiyo, mpaka siku ya mwisho.

"Basi, mwanangu," akaniambia mimi, "chukua hiyo mashine. Nina langu."

Nikakaa. Vidole vyangu vilikuwa vizito kama vya mtu aliyelalia mkono. Akasema, mimi nikaandika. Alieleza jinsi mwanawe alivyojifunza kutembea akishika ukuta, akazunguka chumba kizima bila kuachia, akafika mlangoni ambapo ukuta uliisha. Akasimama pale. Akamtazama mama yake, akautazama uwazi wa mlango, akakaa chini, akavuka kwa kutambaa, akasimama tena upande wa pili na kuendelea na ukuta wake. "Alikuwa mtoto wa tahadhari," akamaliza. "Hakukurupuka kufa. Andika hivyo hivyo. Usirembe."

Sikuremba. Aliniuliza chini anaweka jina gani. Nikamwambia achague.

"Hakimu," akasema.

Mei 16

Mvua imekatika. Watu wameanika magodoro.

Mei 31

Leo ni siku ya mwisho ya Ghorofa ya Tatu. Nimerudi mapema. Mama mkwe keshokutwa anakwenda kwake kutengeneza mlango, ameshafungasha, nami nimeomba ruhusa kazini nimsindikize. Tumekaa jikoni, dirisha wazi, nikafungua ukurasa tuangalie kabla haujazimwa.

Chini ya andiko lake kulikuwa na maoni. Fundi Redio: "Hodi, Mama. Nimesoma mara mbili." Mwalimu wa jino, ambaye sikujua kama bado yupo: "Huyu mtoto ningependa kumfundisha." Yule baba anayekunywa dawa za moyo, sijui alitupata vipi: "Asante. Natembea nimeshika ukuta." Na mtu asiye na jina aliyeandika tu, "Nipo."

Mama mkwe akanitaka nimsomee tena, taratibu. Kisha akauliza, "Wote waliosoma ni wangapi?"

Nikaangalia pale wanapoonyesha idadi. Kwa video ya wifi tungehitaji ukumbi, viwanja na barabara. Hapa ilikuwa tarakimu moja.

"Wanne, Mama."

Nilitaka kumfariji. Nilikuwa naanza kusema kwamba siku hizi watu hawasomi, kwamba zamani ungewaona. Alinyanyua mkono kunizuia, akafikiri.

"Wanne wanatosha," akasema. "Jeneza hubebwa na wanne."

Nikacheka. Naye akacheka, kwa mabega, kama alivyokuwa akicheka mwanawe. Tulicheka mpaka kicheko changu kikageuka kikawa kitu kingine, kikanitoka kwa sauti nisiyoijua, na mama mkwe akasogeza kiti chake karibu, akakaa, akaniacha niendelee.